Wanahabari Wanawake wa Kasese Katika Kurasa za Marejeo Mtandaoni

Vyanzo vya marejeo vya mtandaoni, yaani kamusi elezo, hazina za takwimu na orodha za wasifu ambazo msomaji huzifungua anapotaka kujua mtu fulani ni nani, haviandiki habari mpya, bali hukusanya na kupanga yale ambayo tayari yamekwisha kuandikwa kwingine, katika magazeti, vitabu, tasnifu na ripoti za taasisi. Kwa sababu hiyo mtu ambaye hajaandikwa popote hawezi kuonekana humo, hata kama sauti yake inatambulika katika kila nyumba ya wilaya nzima. Kanuni hiyo ilitungwa kwa nia njema, ya kuzuia uzushi na kujisifu, lakini inawaangukia vibaya watu ambao kazi yao ni kuandika habari za wengine, na kati ya hao wanaoumia zaidi ni wanawake wa mikoani. Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia Kasenyi kando ya Ziwa George hadi Bwera na Mpondwe mpakani mwa Kongo, jambo hili linaonekana waziwazi, na anayelichunguza kwa makini hugundua kwamba pengo lililomo katika kamusi elezo huanzia katika chumba cha habari.

Mtu anayelitafuta jina la Kasenyi mtandaoni hukutana kwanza na wanyama. Uwanda wa Kasenyi ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na waandishi wa vitabu vya watalii huusifu kwa simba wake na kwa makundi ya kobu, yule swala aliyemo katika nembo ya taifa la Uganda, huku ziwa dogo la Bunyampaka lililo jirani likitajwa kwa chumvi yake. Kijiji chenyewe, ambacho ni mwalo wa wavuvi, huambulia mistari michache. Hata msiba wa Aprili 2018, simba 11 walipouawa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, ulisomwa duniani kote kama habari ya simba. Nje ya hifadhi, Kasese imetoa habari kubwa kwa mfululizo ambao wilaya chache za Uganda zimeufikia: mafuriko ya Mto Nyamwamba mwaka 2013 na tena mwaka 2020, mapigano ya Novemba 2016 kati ya majeshi ya serikali na walinzi wa Ufalme wa Rwenzururu, wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Kongo na kutibiwa Bwera mwezi Juni 2019, na shambulio la waasi wa ADF katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, usiku wa tarehe 16 Juni 2023. Mengi ya matukio hayo yana kurasa zake katika Wikipedia, yenye tarehe, idadi ya waliokufa na majina ya maofisa waliotoa matamko. Ni nadra kukuta humo jina la mwandishi wa mahali hapo aliyefika kwanza, na ni nadra zaidi jina hilo kuwa la mwanamke.

Wikipedia, kamusi elezo huru iliyoanzishwa Januari 2001 na kuandikwa na watu wa kujitolea, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza, kwa kuwa mitambo ya kutafutia habari na programu za akili bandia huchota kutoka humo, kiasi kwamba kilichokosekana pale hukosekana pia katika sehemu nyingine nyingi ambazo msomaji hazihusishi nayo kabisa. Ili mtu apewe ukurasa, wahariri wake hudai kile wanachokiita ustahiki, yaani ushahidi kwamba mtu huyo amezungumziwa kwa kina katika vyanzo kadhaa vya kuaminika ambavyo havina uhusiano naye. Neno la mwisho ndilo lenye uzito kwa wanahabari. Ukurasa wa kituo cha redio kinachomwajiri mtangazaji si chanzo huru. Mahojiano ambamo anajieleza mwenyewe huhesabiwa kwa shida. Na makala alizoandika yeye, hata zikiwa elfu moja, hazihesabiki, kwa sababu ni maandishi yake na wala si maandishi juu yake. Mwanasiasa huandikwa na wanahabari, na mchezaji wa mpira huandikwa na wanahabari, lakini mwanahabari huandikwa na nani?

Jibu, kwa sehemu kubwa ya dunia, ni kwamba huandikwa na wanahabari wenzake wakitaka, na wanapotaka huwachagua wanaume zaidi. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, ambao tangu mwaka 1995 huhesabu kila baada ya miaka mitano ni nani wanaotajwa na kusikika katika habari, ulikuta mwaka 2020 kwamba wanawake walikuwa asilimia 25 tu ya watu hao. Kamusi elezo inayojengwa juu ya msingi huo haiwezi kuwa na sura tofauti sana. Rosie Stephenson-Goodknight na Roger Bamkin walipoanzisha mradi wa Women in Red mwezi Julai 2015, kwa lengo la kuandika kurasa za wanawake ambao majina yao yalionekana kwa rangi nyekundu, alama ya kwamba kurasa zao bado hazijaandikwa, wanawake walikuwa takriban asilimia 15 ya wasifu wote katika Wikipedia ya Kiingereza. Baada ya miaka mingi ya juhudi kubwa idadi hiyo imesogea hadi karibu asilimia 20. Wala tatizo si la Afrika peke yake: mwaka 2018 rasimu ya ukurasa wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha, na miezi michache baadaye mwanamke huyo akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kwa Kasese, jina la mwanahabari mwanamke linalopatikana kwa urahisi zaidi mtandaoni ni la Joy Doreen Biira, na namna lilivyofika huko inafaa kutazamwa kwa karibu. Biira, mwenyeji wa Kasese, alikuwa tayari mtangazaji wa televisheni ya KTN ya Kenya, akisoma habari mbele ya watazamaji wa nchi nzima, alipokwenda nyumbani mwezi Novemba 2016 kwa ajili ya sherehe ya ndoa yake ya kimila. Wakati huohuo majeshi ya serikali yalivamia kasri la Mfalme Charles Wesley Mumbere wa Rwenzururu, kasri likaungua, na watu wengi wakauawa. Shirika la Human Rights Watch baadaye lilisema waliokufa walizidi 150. Biira aliweka mtandaoni picha za kasri likiwaka moto. Tarehe 27 Novemba alikamatwa, akafunguliwa shtaka la kusaidia ugaidi, kosa ambalo adhabu yake ni kubwa mno, kisha akaachiliwa kwa dhamana kesho yake baada ya kilio kikubwa katika mitandao ya kijamii na kutoka kwa mashirika ya kutetea wanahabari. Mwaka uliofuata mashtaka yalifutwa.

Siku hizo chache zilizaa maandishi mengi juu yake kuliko miaka yake yote ya kazi studioni. Hapo ndipo kanuni za kamusi elezo zinapoonyesha ugumu wake, kwa sababu vyanzo huru vilivyomzungumzia kwa kina vilimzungumzia kama mshitakiwa, na mhariri wa kujitolea aliyeko ng'ambo, ambaye hana kingine cha kusoma, hulazimika kuupima uzito wa maisha yake kwa uzito wa vyanzo hivyo. Wikipedia yenyewe inalitambua tatizo hili, ndiyo maana ina mwongozo unaoshauri kwa kawaida kutomwandikia ukurasa mtu aliyejulikana kwa tukio moja tu. Mwanahabari wa Bwera ambaye hakuwahi kuonekana katika televisheni ya Nairobi angekamatwa siku ileile kwa kosa lilelile na asipate ukurasa kabisa. Mwanamke anayefanya kazi ya habari mahali kama Kasese hapaswi kungoja kutiwa pingu ndipo dunia ijue kwamba anaandika.

Upande wa pili wa mpaka kuna njia nyingine, ambayo ni ya heshima zaidi lakini ni nyembamba. Chouchou Namegabe, mwanahabari wa redio wa Bukavu, alishiriki kuanzisha mwaka 2003 chama cha wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu Kusini kinachojulikana kwa kifupi kama AFEM, na kupitia chama hicho wanawake waliobakwa katika vita walipewa kipaza sauti ili waseme wenyewe yaliyowapata. Mwaka 2009 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Knight ya uandishi wa habari na akatoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani. Mwenzake, Caddy Adzuba wa Radio Okapi, ambaye pia ni mwanasheria, alipewa Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias nchini Hispania mwaka 2014. Wote wawili wana kurasa katika Wikipedia, na wanastahili kabisa. Hata hivyo, kilichowafungulia mlango kilikuwa tuzo ya Wazungu, iliyoandikwa katika magazeti ya Ulaya na Marekani, wakati miaka ya kukaa mbele ya kipaza sauti pale Bukavu, wakisikilizwa kwa Kiswahili na watu wa Kivu, haikutosha kuacha alama ambayo mhariri wa kamusi elezo angeitambua.

Njia ya tatu ni kuhamia mji mkuu. Barbara Kaija, aliyekuwa mhariri mkuu wa Vision Group kwa miaka mingi, na Rosebell Kagumire, mwandishi wa mtandaoni anayejulikana kwa maandishi yake ya utetezi wa wanawake, wanapatikana bila taabu, kwa kuwa Kampala kuna magazeti, mikutano, balozi na vyuo vikuu vinavyoandika juu ya watu walio karibu navyo. Asiyetaka kuhama, au asiyeweza, hubaki na redio.

Redio ndiyo kitovu cha jambo lenyewe. Vision Group imewahi kuchapisha Bukedde kwa Kiganda, Orumuri kwa Kinyankole na Kikiga, Etop kwa Kiteso na Rupiny kwa lugha za kaskazini, lakini haikuwa na gazeti la Kikonzo, lugha ya wengi wa watu wa Kasese. Tangu serikali ilipoanza kuruhusu redio za binafsi mwaka 1993, habari za wilaya hiyo zimekuwa zikiwafikia wenyeji kwa masikio, kupitia vituo kama Messiah na Guide. Habari moja husafiri hivi: mwandishi aliyeko Bwera, ambaye mara nyingi hana mshahara bali hulipwa kwa kila habari inayokubaliwa, humrekodi mganga mkuu au mama aliyefurikiwa kwa simu yake ya mkononi, hutuma sauti hiyo studioni kwa WhatsApp, msomaji wa habari huisoma saa moja asubuhi, na mwandishi hutaja jina lake mwishoni kwa sekunde mbili. Habari ikiwa kubwa, huchukuliwa na gazeti la Kampala, na hapo jina linalotokea juu yake huwa ni la mwandishi wa gazeti, au huandikwa tu kwamba ni ya mwandishi wetu. Rekodi za studio hufutwa ili kupata nafasi ya nyingine. Zile sekunde mbili za jina lake hazibaki mahali popote.

Wengi wa waandishi hao walijaribu kujitunzia kumbukumbu katika Facebook, lakini tangu Januari 2021 mtandao huo umefungwa nchini Uganda, na anayeutumia hulazimika kupita njia za kuzunguka. Isitoshe, kurasa za mitandao ya kijamii hazikubaliki kama chanzo cha marejeo isipokuwa kwa mambo madogomadogo, hivyo hata kabla ya kufungwa hazikuwa msaada walioudhania.

Kuna ugumu mwingine ambao haujulikani na watu wa nje, nao unatokana na majina. Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, ambapo binti wa kwanza huitwa Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Ndugu zao Wanande, ng'ambo ya Mto Lhubiriha, wana mpangilio uleule kwa matamshi na tahajia tofauti kidogo, kama vile Kavugho na Katungu. Matokeo yake ni kwamba katika wilaya moja kuna maelfu ya wanawake wenye jina moja la mpangilio wa kuzaliwa na, mara nyingi, jina moja la ubatizo, na mtambo wa kutafutia habari, ambao hauna akili ya jirani anayejua Masika yupi anazungumzwa, huwachanganya au huwaacha wote. Dawa yake ipo. Wikidata, hazina ya takwimu iliyoanzishwa na wenye Wikipedia mwaka 2012, humpa kila mtu, mahali na kitu namba isiyorudiwa, kama ambavyo Uganda ni Q1036, na chini ya namba hiyo huorodheshwa kazi ya mtu, mwajiri wake, lugha anazotumia na tahajia zote za jina lake. Masharti ya kuingizwa humo ni mepesi kuliko ya Wikipedia, kwa kuwa inatosha kuwepo vyanzo vya wazi vya kuthibitisha kwamba mtu huyo yupo na anafanya kazi hiyo. Kwa mtangazaji wa Kasese, hapo ndipo pa kuanzia.

Miradi ya kuongeza kurasa za wanawake imeshafika Afrika. Wiki Loves Women ilianza mwaka 2016 katika Nigeria, Ghana, Kameruni na Kodivaa, na tangu hapo warsha za kuandika huandaliwa katika nchi nyingi, hasa karibu na tarehe 8 Machi. Warsha hizo ni nzuri, lakini zina kasoro ambayo waandaaji wake wanaijua: washiriki huandika juu ya wanawake ambao tayari wana vyanzo, kisha wale wasio na vyanzo hubaki pale walipokuwa, au kurasa zao hufutwa baada ya muda mfupi na kuwaacha waandishi wapya wamekata tamaa. Warsha ambayo Kasese inaihitaji kwanza ni ya kuzalisha vyanzo vyenyewe. Gazeti la Kampala likichapisha wasifu wa kina wa mwanamke aliyeripoti mafuriko ya Nyamwamba mara zote mbili, hicho ni chanzo. Likichapisha tanzia iliyotafitiwa vizuri pale mtangazaji mkongwe anapofariki, badala ya tangazo la mazishi, hicho ni chanzo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilichoko Fort Portal, au wa idara ya uandishi wa habari ya Makerere, akiandika tasnifu juu ya wanawake katika redio za Rwenzori na tasnifu hiyo ikawekwa katika maktaba ya mtandaoni ya chuo, hicho pia ni chanzo. Na kabla ya yote hayo, mhariri anayechukua habari kutoka Bwera aweke jina la aliyeileta juu ya habari hiyo, jambo lisilogharimu hata shilingi moja.

Historia ya wanawake wa Afrika Mashariki inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Chama cha wanahabari wanawake wa Uganda, UMWA, kilianzishwa mwaka 1983 na mwaka 2001 kikafungua redio yake ya Mama FM jijini Kampala. Nchini Tanzania, Fatma Alloo, Edda Sanga, Leila Sheikh na wenzao walianzisha chama kama hicho, TAMWA, mwaka 1987, kisha chama kikatoa jarida lake, Sauti ya Siti, lililopewa jina kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Kwa kuwa jarida lilikuwa la kuchapwa na likahifadhiwa, mtafiti wa leo anaweza kujua wanawake hao walisema nini, lini, na kwa majina yapi. Waanzilishi hao walielewa mapema kwamba mwanamke wa habari anahitaji maandishi yanayobaki, na uelewa huo bado haujafika katika vyumba vingi vya habari vya mikoani.

Lugha nayo ina nafasi yake. Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 2003, na vigezo vyake vya ustahiki hutumiwa na wahariri wanaoijua kanda hii. Soko la Mpondwe huendeshwa kwa Kiswahili na Kikonzo kila siku ya soko, Wakongo na Waganda wakielewana bila mkalimani, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Ukurasa wa Kiswahili juu ya mwanahabari wa Bwera utasomwa Beni, Butembo na Bukavu, mahali ambapo ukurasa wa Kiingereza hausomwi na watu wengi.

Tahadhari mbili ni za lazima. Mwanahabari asijiandikie ukurasa mwenyewe wala asimwagize mfanyakazi mwenzake, maana kanuni za Wikipedia huuona mgongano huo wa maslahi kuwa doa. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha picha yake inatolewa kwa leseni huria, yaani kwa ruhusa ya maandishi kwamba yeyote aitumie akimtaja mpigapicha, na ruhusa hiyo ni ya mpigapicha kuitoa, si ya aliyepigwa. Jambo la pili ni zito zaidi. Katika uchunguzi uliofanywa na UNESCO pamoja na kituo cha kimataifa cha wanahabari, ambao matokeo yake yalianza kutolewa mwaka 2020, asilimia 73 ya wanahabari wanawake waliohojiwa walisema wamewahi kushambuliwa mtandaoni. Katika wilaya ya mpakani ambako waasi wamewahi kuchoma shule, mwanamke anayeripoti habari za usalama ana haki ya kuulizwa kabla jina lake halijatangazwa kwa dunia, na ana haki ya kukataa. Kijiji anakoishi, majina ya watoto wake na shule wanayosoma hayana nafasi katika ukurasa wowote, hata kama gazeti liliwahi kuyachapisha.

Wapo wanawake wa Kasese waliosikika redioni kabla ya kompyuta kufika vyumba vya habari, na baadhi yao sasa ni wazee. Mahojiano nao yakifanywa na kuachwa katika simu ya mtafiti, kwa kamusi elezo ni kana kwamba hayakufanywa. Yakichapishwa na chuo, gazeti au maktaba, yakiwa na tarehe, jina la aliyehoji na jina kamili la aliyehojiwa pamoja na nafasi yake katika uzao wa nyumba yao, yatakuwa vyanzo vinavyoweza kutajwa mwaka huu na baada ya miaka hamsini.